Mtoto Asiyelala Chumba Kile

Nilipoisoma "The Yellow Wallpaper", hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman iliyochapishwa mwaka 1892, nilimtafuta mtoto. Wasomaji wengi humfuata mama. Amejifungua karibuni, mumewe daktari kampeleka kwenye nyumba ya kupanga ili apumzike, haruhusiwi kuandika, na nyuma ya karatasi ya njano iliyobandikwa ukutani anaanza kumwona mwanamke anayetambaa. Usomaji huo ni sahihi. Gilman mwenyewe aliugua sonona baada ya kumzaa Katharine mwaka 1885. Daktari Silas Weir Mitchell alimwamuru apumzike na asishike tena kalamu. Mwaka 1913 alieleza kwamba aliandika hadithi hii ili wengine waepushwe na tiba ile.

Lakini mimi ni mtoto wa mama wa aina hiyo. Mdogo wangu alipozaliwa, mama alilala kaelekea ukutani. Shangazi zangu walipika uji, wakamkanda kwa maji ya moto, arobaini ikaisha. Yeye hakugeuka. Majirani wakasema anadeka. Mimi nikajifunza kufungua mlango bila kelele.

Katika hadithi, mtoto ana sentensi chache tu. Mary ndiye anayemlea; mama anakiri kwamba hawezi kukaa naye. Mwanzoni niliona ni kasoro, kwamba Gilman kamsahau mtoto. Kisha nikafika mahali ambapo mama anajifariji: walau mtoto halazimiki kulala chumba chenye karatasi ile, na yeye anaweza kuivumilia kuliko kichanga. Nikairudia sehemu hiyo mara kadhaa. Ndiyo malezi pekee aliyobaki nayo: akae yeye pabaya, mwanawe asikae.

Hadithi haidai kwamba hilo linatosha. Kurasa za mwisho mtoto hatajwi kabisa, na kimya hicho ni cha kweli kuliko maelezo yoyote; sonona humwondoa mtoto machoni pa mama bila kumwondoa moyoni. Mwaka 1894 Gilman alimpeleka Katharine, mwenye miaka 9, akaishi na baba yake, na watu walimsema vibaya. Msomaji anayemhukumu kwa hilo angeirudia kwanza sehemu ile ya chumba.

Juzi nilimsimulia mama hadithi hii kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, habari za ukuta hakuzigusa. Aliuliza jambo moja tu:

"Na yule mtoto, nani alikuwa anamlisha?"