Mlango Usiofungwa

Baada ya sala ya alasiri, hapa Al Khoudh, Oman, mzee jirani yangu hukunjua karatasi yake ya nasaba, iliyogandishwa kwa utepe kila palipokatika, akaanza kuteremka kwa kidole. Fulani bin fulani bin fulani. Kahawa inapoa kwenye kikombe. Kidole kikifika kwenye jina lisilo na kitu chini yake, hunyamaza kidogo. "Mwanangu," huniambia, "hapa mlango umefungwa."

Naupenda sana ufundi huu. Mwenye kushika nasaba hujua nani alikufa bila mtoto wa kiume, nani aligombana na ndugu yake, nani alivuka bahari asirudi. Ndiyo maana "lau" yake, anapowaza yale ambayo yangeweza kuwa, huwa na uzito. Asiyeijua shajara, yaani mti wa nasaba, akisema "lau", anabahatisha tu.

Chukua Wanabhani. Walikuwa wafalme wa Oman ya ndani kwa karne kadhaa, na Bahla mji wao, mpaka wakaondolewa na Wayaarubi, ambao imamu wao wa kwanza, Nasir bin Murshid, alichaguliwa mwaka 1624. Lakini ukoo ulikuwa na mlango mwingine, Pate, kisiwa karibu na Lamu. Habari za Pate zasema Suleiman bin Suleiman alifika kisiwani mwaka 1204, akaozwa binti wa mfalme wa Kiswahili. Wachimbaji wa magofu, Neville Chittick mmojawapo, wameupinga mwaka huo, na hoja zao nzito. Hata hivyo, kwamba Wanabhani walitawala Pate, na baadaye Witu, upande wa bara, hadi Waingereza walipoichoma mwaka 1890, halina ubishi.

Habari hizo tunazo kwa sababu ya Bwana Kitini, yaani Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, aliyezisimulia mfalme baada ya mfalme. Kwake yeye ilikuwa orodha ya wazee wake mwenyewe. Wazungu Stigand na Werner walizichapisha kuanzia mwaka 1913, lakini Bwana Kitini ndiye aliyezibeba kichwani.

Basi nami nathubutu. Lau watu wa Bahla, enzi ilipowaponyoka, wangepanda jahazi kwenda Pate kumtafuta kijana wa mlango ule! Wangemkuta Mnabhani kwa baba, na upande wa mama, bibi baada ya bibi, Mpate. Angeingia ngome ya Bahla akiota ndoto zake kwa Kiswahili. Lugha hii ingesikika barazani kwa wafalme wa Oman zaidi ya miaka mia tatu kabla wazee wetu hawajarudi nayo kutoka Unguja na Pemba baada ya 1970.

Haikuwa hivyo. Mlango wa Pate ulibaki upande wa pili wa bahari, ukaendelea kuzaa. Ahmed Sheikh Nabhany, malenga wa Lamu aliyeipa lugha yetu neno "runinga", alifariki mwaka 2017, na jina la ukoo ule alikuwa nalo hadi siku hiyo.