Pongezi kwa Wakusanyaji wa Beji za Kampeni
Wanaokusanya beji za kampeni za Marekani, zile za bati zilizoenea tangu uchaguzi wa 1896, wanastahili pongezi, ingawa wengi huwaona waokota takataka. Chukua beji ya Robert Byrd wa West Virginia, aliyekaa Seneti tangu 1959 hadi alipofariki 2010. Atasema mtu: beji ni sifa tupu, haitaji kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan alilowahi kuwamo (na baadaye akajuta), wala hotuba yake ya zaidi ya saa 14 kuupinga muswada wa haki za kiraia wa 1964. Kweli kabisa. Lakini kumbukumbu za Seneti hutunza alichosema. Beji hutunza alivyotaka kuonekana, na pengo baina ya hayo mawili ndilo analolitafuta mwanahistoria. Bila wakusanyaji, bati hilo lingeishia jalalani mara tu kura zilipohesabiwa.