Nasaba na Jina Lililochelewa

Mwandishi wa nasaba amwitaye Alexander John kwa jina la Windsor humvisha marehemu vazi lililokuwa halijashonwa. Mtoto huyu wa Edward, mrithi wa ufalme wa Uingereza, na Alexandra wa Denmark, alizaliwa Sandringham tarehe 6 Aprili 1871, akafariki siku ya pili yake. Ukoo wake ulikuwa Saxe-Coburg na Gotha, wa babu yake Albert. Windsor lilitangazwa mwaka 1917 na nduguye, Mfalme George wa Tano, wakati wa vita na Ujerumani. Kosa hili si dogo, kwani laficha asili ya Kijerumani. Aliyeishi siku moja hakuacha tendo wala neno. Alichoacha ni nasaba. Yafaa iandikwe kwa haki.