Mbiti, wafu wetu, na mtu anayepanda mgomba

Kuko kitabu kimoja ambacho wengi wetu tulikutana nacho mu kozi ya filozofia ya Kiafrika. Mara nyingi ilikuwa fotokopi ya kurasa chache, tukaijibia ku mtihani, kisha tukaisahau. Ni African Religions and Philosophy cha John Mbiti, Mkenya, padri wa Kianglikana. Kilitoka kwa Kiingereza 1969, baadaye kikatafsiriwa kwa Kifaransa. Ndani yake Mbiti alikamata maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayajengea fundisho zima juu ya kufa na kuishi.

Nimekisoma tena. Sikusomea filozofia, nilisomea agronomia. Lakini kitabu kinasema juu ya wafu, wakati na uzao, na hayo mkulima anayagusa kila siku. Neno langu ni moja: Mbiti aliwaona vizuri wafu wetu, ila kesho yetu hakuiona vizuri. Na kosa hilo lina bei.

Tuanze na anachosema. Kwake, Mwafrika wa kale anaishi mu Sasa: siku hizi, mambo yaliyotoka kutokea, na yale yaliyo karibu sana kuja. Nyuma yake kuko Zamani, bahari ambamo kila kitu kinaishia. Mtu akifa hapotei mara moja. Kama kungali mtu aliyemjua na anayemtaja kwa jina, marehemu angali mu Sasa. Mbiti anamuita mfu aliye hai. Hiyo inaweza kuchukua vizazi vinne ao vitano. Siku mtu wa mwisho aliyemjua naye anakufa, marehemu anateremka mu Zamani, anakuwa roho kati ya roho zisizo na jina. Njo maana, anasema, kuzaa ni lazima: mtoto ndiye atakayetaja jina lako.

Hapo aliona vema. Angalieni kwetu Kivu. Mtoto anapewa jina la babu, na kuanzia siku hiyo mama yake anamuita "papa" bila kucheka. Kaburi la mzee liko pembeni ya migomba, si mbali na nyumba. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sawa. Lakini ugomvi wa mpaka ukitokea kijijini, ushahidi wa kwanza mara nyingi ni kaburi: "Babu yangu amelala hapa." Wafu wetu njo wanatushikia hati za shamba.

Lakini wazo hili linaumiza pia. Kama kuishi baada ya kufa kunategemea watoto, basi asiye na mtoto anakufa kabisa. Mbiti anaeleza hivyo juu ya mwanamke tasa. Anaeleza, mimi ningetaka aulize pia. Ni haki gani hii, inayompa mwalimu aliyelea watoto wa wengine miaka thelathini kifo kikubwa kuliko cha mtu aliyezaa kumi na kuwaacha barabarani?

Na angalieni matanga yetu. Familia iliyokosa dola makumi mbili za dawa inapata mia tatu za sanduku. Watu wanasema ni unafiki. Mimi naona kuko hesabu ndani yake. Pesa ya dawa inatolewa chumbani, hakuna anayeiona. Mchango wa matanga unaandikwa mu kaye, unasomwa mbele ya watu, na kesho utarudishwa ku matanga yako. Kama uhai wetu wa baadaye ni jina kutajwa, basi siku ya matanga ni siku ya soko: jina la marehemu linatajwa, na letu pia. Wahenga walisema kufa kufaana. Hapa methali inatuchoma: mgonjwa alikuwa mmoja wetu tangu zamani, lakini tumemkumbuka alipoanza kuwa mfu.

Sasa tuje ku kosa lenyewe. Mbiti alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akaona wakati ujao wao unafika miezi michache, usizidi miaka miwili. Kutokana na hapo akasema kesho ya mbali karibu haikuwemo mu fikara za wazee; elimu na dini za kigeni njo ziliileta.

Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu mu kitabu chake cha 1987, akitumia lugha ya Waakan, kwamba Afrika moja ya namna hiyo haipo. Mimi naongeza kwamba hata Kiswahili, lugha aliyoiazima maneno, hakimsaidii. Ile "-ta-" yetu haina kilometa ya mwisho. "Nitakula" ya saa hii na "wajukuu watakula" ya miaka hamsini zinabeba silabi ile ile.

Lakini ushahidi ninaouamini zaidi uko shambani. Arabika inaanza kuzaa mwaka wa tatu ao wa nne. Avoka ya kupanda kwa mbegu unaweza kuingojea miaka saba na zaidi. Mbiti angeweza kujibu: kawa ililetwa na wakoloni, kwa hiyo kesho yake pia ililetwa. Haya, tuache kawa. Tuchukue mgomba, ambao bazee walikuwa nao mbele ya Mzungu kufika.

Mgomba unazaa kitawi kimoja tu, kisha ule unafwa. Pembeni yake vinachipuka vichipukizi, tena vingi mno. Mkulima mwenye akili haviachi vyote. Anabakisha kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vingine anang'oa. Ku universite walitufundisha kanuni hiyo kwa jina zuri: mama, binti, mjukuu, wote ku shina moja. Lakini mama zetu walikuwa wanaifanya mbele hatujazaliwa. Shamba likitunzwa hivyo linaweza kudumu makumi ya miaka, kuliko maisha ya aliyelipanda. Mwanamke anayeinama na panga kuchagua kichipukizi cha kubakisha anamchagulia mtu chakula, na pengine mtu huyo hajazaliwa. Hiyo ni kesho ya mbali. Haikuwa mu vitenzi. Ilikuwa mu panga.

Najua mtu atasema: huo ni mzunguko tu, kurudia yale yale ya Zamani. Hapana. Mzunguko unaojiendesha hauombi kuchagua. Kichipukizi kibaya kikiachwa, kitawi kinakuwa kidogo na watoto wanalala njaa. Kuchagua leo kwa ajili ya kula ya mwingine njo maana ya tumaini, hata kama hakuna aliyelihubiri.

Kwa nini nasema kosa hili lina bei? Sababu ya vita. Ripoti ya Umoja wa Mataifa tunayoiita Mapping, iliyotoka 2010, ilihesabu matukio 617 ya uovu mkubwa mu inchi yetu kati ya 1993 na 2003. Kuko familia zilizokwisha zote siku moja: babu, baba, mtoto mwenye jina la babu. Hakuna aliyebaki kutaja. Tukishika kanuni ya Mbiti neno kwa neno, hao waliruka Sasa, wakatupwa moja kwa moja mu Zamani. Aliyewaua angekuwa amewaua mara mbili, na fundisho letu lingemtilia muhuri.

Mimi nakataa. Mwenye imani atasema Mungu anajua majina yote, na Mbiti mwenyewe, padri, aliona ufufuo ndio unafungua mlango ambao hadithi zetu za asili hazikuufungua. Sina neno na hilo. Ila tujihadhari: kuko mahubiri mu avenyu zetu yanayosema "dunia hii si kwetu" mpaka kijana wa lisanse anaona haya kushika jembe. Mbingu ya namna hiyo inapunguza kesho kuliko Mbiti alivyofanya. Kesho inabaki ya kungojewa, hakuna wa kuipanda.

Kuko pia kitu ambacho mkimbizi anakijua. Unapita mu kijiji kilichokimbiwa, migomba bado inazaa. Aliyeibakishia kichipukizi hayupo, pengine amekufa, na mtoto wake naye. Unakula. Mgomba haukuulizi wewe ni kabila gani. Lakini wewe unapaswa kuuliza: nani alipanda hapa? Ukiuliza, hata usipopata jina, umemrudisha mtu mu Sasa. Ukila na kujenga nyumba bila kuuliza, umemzika mara ya pili, tena umechukua shamba lake. Ugomvi mwingi wa ardhi ambao sisi ba-agronomu tunaitiwa kupima unaanzia hapo.

Kwa hiyo ningesahihisha kanuni ya Mbiti hivi: mtu angali hai kama kuko mtu anayejua kwamba anakula jasho lake. Mtu huyo anaweza kuwa mtoto wake, ao mwanafunzi wake, ao mpita njia asiyemjua hata kwa jina. Hapo mwanamke tasa anaingia. Waliouawa bila kubakisha wa kuwataja wanaingia. Hata matanga yanaweza kubadilika: kaye ile ile ya michango ingefunguliwa mtu angali kitandani, na majina yasomwe mbele yake akisikia.

Kitabu kisomwe, tena chote, si ile fotokopi. Kinatupa maneno mawili ya nyumbani ya kufikiria kifo, na hiyo si zawadi ndogo. Lakini anayekisoma akiwa na shamba apite kwanza mu migomba ya mama yake, ahesabu: mama, binti, mjukuu. Kisha atuambie kama kesho yetu inaishia miaka miwili.