Kuwahi Kabla ya Kigelegele

Katika sherehe za kumuaga binti hapa Dar es Salaam, zile tunazoziita send-off, kuna dakika moja ambayo ukumbi mzima hunyanyuka. MC anamwambia bibi harusi mtarajiwa kwamba mwenzake yumo humu humu, kajichanganya na wageni, amtafute. Muziki unapandishwa. Binti anapita meza kwa meza akicheza, ua mkononi, anachungulia, anarudi, watu wanampoteza kwa vidole. Mpiga video wa kawaida atamfuata nyuma, na atakachorudi nacho ni mgongo wa gauni na visogo vya watu.

Fundi wa video ninayetaka kumzungumzia, kwenye sherehe moja ya namna hiyo, hakumfuata. Mapema alishauliza kwa wanakamati, akajua kijana amekaa nyuma ya nguzo, meza ya tatu. Akaenda kuchuchumaa ng'ambo ya meza ile, kamera ikitazama njia. Binti alipoizunguka nguzo, uso wake ndio ulioingia kwanza kwenye picha: ile nusu sekunde ya kumwona mtu wako, kabla kicheko hakijafika. Kigelegele kilipolia, yeye alikuwa ameshaipata.

Nilimwomba nikae naye kwenye chumba chake cha kazi Sinza, nitazame video ya sherehe hiyo ikishonwa. Nilitaka kujua alichokuwa akikiona.

Alianza kunionyesha gauni. Gauni jeupe juu ya ngozi nyeusi, chini ya taa za ukumbini, ni mtihani. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, inauona weupe ule mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ukiongeza mwanga bila kipimo, lesi na shanga zote zinaungua, gauni linabaki kama karatasi. Yeye hupima shavuni. Akishaupata uso, anashuka taratibu hadi nyuzi za lesi zirudi, kinachopungua anakifidia kwa taa ndogo iliyoshikwa pembeni na kijana wake. Umeme wetu nao una mambo yake. Unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mapambo hupepesa kwa kuufuata; jicho halioni, kamera inaona. Ndiyo maana video nyingine zina michirizi myeusi inayopanda na kushuka ukutani. Yeye anachukua picha 25 kwa sekunde, kila moja ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, na ukuta unatulia.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni sauti.

Nina deni la zamani na jambo hili. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ila deki za VHS zilikuwa zimeshaingia sebuleni, na mkanda wa harusi uliazimwa nyumba hadi nyumba. Wa dada yangu ulirekodiwa 1998. Bibi yetu alisimama siku ile akatoa wosia mrefu, kwa sauti yake ya chini. Mhariri alifunika wosia wote kwa wimbo wa mapenzi. Midomo ya bibi inacheza, mkono wake unapanda na kushuka, na hatusikii hata neno moja. Bibi hayupo tena. Tumeutazama mkanda ule mara nyingi tukijaribu kusoma midomo.

Fundi huyu anaweka kinasa sauti kidogo kwenye mitambo ya muziki, maiki nyingine kifuani kwa bwana harusi, na ya tatu anaificha kwenye maua ya meza ya wazazi, kwa sababu anajua wazee wakianza kuongea kwa uchungu huishusha maiki hadi kitovuni. Akirudi studio, siku ya kwanza hatazami picha. Anavaa hedifoni, anasikiliza. Baba wa binti alipofika pahali pa kusema, "Mwanangu, nyumbani hapajafungwa," alinyamaza kwa muda. Mhariri mwenye haraka angeukata ukimya ule. Yeye aliuacha wote, akauwekea juu yake uso wa mama, aliyekuwa akiikunja na kuikunjua leso mapajani. Baba anarudi kuongea tukiwa bado tunaitazama leso.

Uaminifu wa namna hii kwa watu walio kwenye picha, Waswahili wa Pwani wameupa uzito zaidi. Kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, Mombasa au Unguja, wanawake wamefunua nywele na mikono, mwanamume haingii. Mwenye kamera ni mwanamke, na simu mara nyingi huzuiwa mlangoni. Picha zile hazipaswi kuonwa na mtu asiyehusika. Anayepewa kazi hiyo amepewa amana.

Siku hizi kila harusi inataka kipande cha dakika tatu cha kurusha kwenye simu. Fundi huyu naye anavitengeneza, na ni vizuri, maua yanaanguka polepole kama theluji. Kwangu mimi kazi yenyewe ni ile ndefu, ya saa mbili na zaidi, kwa sababu harusi zetu zimechangwa. Watu wamelipa michango yao kwa miezi, wameshona kitenge kimoja, wamepanga foleni ya zawadi wakicheza. Kila mmoja atakuja kujitafuta. Kwa hiyo foleni ile anaihariri kwa subira zaidi kuliko ukataji wa keki: anaangalia nani hajaonekana, anarudi kwenye kamera ya pili kumtafuta, na hamalizi mpaka ampate.

Tulifika kwa shangazi mmoja aliyetoka kijijini na mkeka aliousuka mwenyewe. Alikuwa wa mwisho. Alicheza kwa mwendo wake, wimbo ukamtangulia kuisha, akamkabidhi binti mkeka, wakakumbatiana, akageuka kurudi zake ukumbi ukiwa umeshaanza kuangalia chakula. Mimi ningekata kwenye kumbatio, nikamwambia hivyo.

"Bado hajakaa," akasema, mkono ukiwa mbali na kibodi, tukamtazama shangazi akitembea hadi kitini.