Neno "Maelezo" Katika Istilahi za Ramani

Miongoni mwa maneno yanayotwishwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake katika tafsiri za kitaalamu, "maelezo" ni la mbele. Mfasiri anapokutana na dhana asiyoifahamu vyema hulikimbilia, kwa kuwa halikatai kitu. Katika kazi ya kuhamisha maandishi ya ramani kutoka miundo ya zamani ya kompyuta na kuyaingiza katika kanzidata za kijiografia, ulegevu huu una hasara inayoonekana kwa macho.

Neno hilo hutumiwa kwa vitu vitatu. Kwanza, habari zilizomo katika jedwali, kama jina la kijiji au idadi ya madarasa ya shule. Pili, jina ambalo programu yenyewe hulichota katika jedwali na kulibandika kila ramani ifunguliwapo. Ramani ikisogezwa nalo husogea, na pakikosekana nafasi hutoweka. Tatu, maneno ambayo mchoraji ameyaweka mahali maalumu, kwa kimo maalumu, yakipinda kuufuata mto au yakitanuka juu ya safu ya milima, nayo yamehifadhiwa hivyo hivyo.

Sasa mtumishi aambiwe "hamisha maelezo". Atahamisha lipi? Akichukua jedwali peke yake, si kwamba amepoteza mpangilio wa mchoraji tu. Huenda amepoteza majina yenyewe. Katika faili za DXF, zilizoanza pamoja na AutoCAD mwaka 1982, andishi la kawaida ni sehemu ya mchoro: maneno, mahali yalipo, kimo cha herufi na pembe yake. Halina lazima ya kujua kwamba linataja mto fulani. Ramani nyingi za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa msaada wa idara ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1946 kwa ajili ya upimaji wa makoloni. Na ramani za aina hiyo zimejaa majina ya vilima na vijito ambayo mara nyingi hayamo katika jedwali lolote. Jina la namna hiyo likiachwa katika faili ya zamani, hakuna chombo kitakachodai kwamba limepungua.

Kwa hiyo tunapendekeza "sifa" kwa kitu cha kwanza, "lebo" kwa cha pili, na "andiko" kwa cha tatu. Wapo watakaosema kwamba lebo ni neno la chupa na makopo. Naam, na ndiyo sababu linafaa: hubandikwa na kubanduliwa. "Tanbihi" tunalikataa, kwa kuwa mahali pake ni chini ya ukurasa. "Andiko" lina kasoro moja, kwamba wingi wake unanukia kanisani. Lakini "maandishi" hayahesabiki kwa urahisi, na katika kanzidata kila jina ni kitu kimoja chenye namba yake. Afadhali kuvumilia harufu hiyo kuliko kukosa umoja.

Istilahi ya pili inayohitaji uangalifu ni "skeli rejea". Kanzidata mpya huhifadhi kimo cha herufi kikifungamana na skeli moja iliyoteuliwa. Herufi ya milimita 2 kwa skeli rejea ya 1:50,000 hushika mita 100 za ardhi. Ikisajiliwa kwa 1:250,000 hushika mita 500, na katika ramani ya 1:50,000 itasimama kwa milimita 10, ikifunika vijiji. Anayeandika "kipimo cha maelezo" mahali hapa amempa msomaji kitendawili badala ya agizo.

Yapo pia matata ambayo istilahi haiyatibu. Mchoraji wa zamani alipolitandaza jina la Usambara juu ya milima, huenda kila herufi ilihifadhiwa peke yake. Atafutaye "Usambara" hatalipata, mpaka herufi ziunganishwe kuwa andiko moja lenye mkunjo. Aidha, kiritongo cha ng' kina uadui wa pekee na kompyuta. Katika SQL, ambayo ndiyo lugha ya kuiulizia kanzidata, alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno, hivyo Ng'ambo hukatwa baada ya Ng na swali zima hukataliwa, isipokuwa alama iandikwe mara mbili. Wengine, kwa kuchoka, huifuta. Hapo hakuna la kusamehe, kwani Ngambo si jina la mtaa wa Unguja wala si neno la Kiswahili.

Mwisho kuna "andiko fungamani" na "andiko huru". La kwanza limeshikamana na kitu kinachotajwa: jina likisahihishwa katika jedwali, nalo husahihika, kitu kikifutwa, nalo hufutika. La pili halina mshiriki. Maandiko yatokayo katika faili za zamani aghalabu huingia yakiwa huru, na kuyafungamanisha ni kazi ya mtu anayeijua nchi, kwani mashine huchagua kitu kilicho karibu zaidi, na jina la mto mara nyingi liko karibu zaidi na barabara.