Mkono Uliochonga Herufi

Aldo Manuzio alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki kabla ya kufungua kiwanda chake cha uchapaji mjini Venice, na ualimu haukumtoka. Alitaka Wagiriki wa kale wasomwe kwa lugha yao wenyewe. Kati ya 1495 na 1498 alitoa kazi za Aristotle kwa Kigiriki, majuzuu matano makubwa.

Lakini azma ya mwalimu peke yake haichapi ukurasa. Palihitajika fundi, naye alikuwa Francesco Griffo wa Bologna. Fundi huyu alishika kijiti cha chuma cha pua, akachonga herufi moja kwenye ncha yake, tena kinyumenyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Chuma kikapashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikagongwa kwa nyundo juu ya kibamba cha shaba, kikaacha alama yake. Humo ndimo ilimomiminwa risasi iliyoyeyuka, ikatoka herufi ya kupangia maneno. Mkono ukiteleza kidogo tu, kasoro ile ile itaonekana kila herufi hiyo inapotokea, kitabu kizima. Na Kigiriki, kwa alama zake za mkazo na za pumzi juu ya irabu, kilimzidishia kazi maradufu.

Mwaka 1501 wakatoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kuchukulika mkononi, kwa herufi za mlazo zilizofuata mwandiko wa wasomi wa Italia. Ndiyo mara ya kwanza kitabu kizima kuchapwa kwa herufi hizo, na kwangu hakuna kazi ya Aldo inayoishinda hii: mshairi alishuka kutoka meza ya mwanachuoni, akaandamana na msomaji safarini.

Ndani ya kitabu hicho Aldo alichapa ubeti mfupi wa kumsifu Griffo. Alitenda haki. Ila mwaka uliofuata serikali ya Venice ilimpa Aldo, si mchongaji, haki ya pekee ya kutumia herufi hizo. Wakaachana, na Griffo akaenda kufanya kazi kwingine. Namheshimu sana Aldo, lakini hapa fundi alidhulumiwa.

Mwaka 1929 kampuni ya Monotype ya Uingereza ilifufua herufi za wima ambazo Griffo alizichonga kwa ajili ya kitabu cha Pietro Bembo cha 1496. Ikaziita Bembo, jina la mwandishi. Zilistahili kuitwa Griffo.